Kabla Stima Haijapotea

Gemu ya kwanza niliyoishika mkononi haikuwa na kumbukumbu hata chembe. Ilikuwa ile mashine ya Kichina iliyoigwa kutoka Famicom ya Nintendo: padi mbili, bunduki ya plastiki ya kupigia bata, na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999. Mtoto yeyote aliyekulia upande wa bara wa Mombasa, awe wa Likoni, wa Changamwe au wa huku kwetu Kisauni, anaijua. Hizo 9999 ukizihesabu kwa haki zilikuwa ishirini hivi, zilizobaki ni zile zile zimebandikwa majina mapya. Unacheza Mario unafika dunia ya saba, mama anakutuma nazi dukani, ukirudi mtu ameshazima TV. Basi. Unaanza tena dunia ya kwanza.

Tulidhani gemu zote duniani ziko hivyo. Kumbe Wajapani walikuwa wameshaliona tatizo hilo na kulitafutia dawa kabla hatujazaliwa. Mwezi wa Februari 1986 Nintendo walitoa kifaa cha diski cha Famicom pamoja na gemu ya The Legend of Zelda, na mchezaji akaweza kuandika safari yake kwenye diski, alale, aendelee kesho. Mwaka uliofuata gemu hiyo ilifika Marekani ndani ya kaseti, na ndani ya kaseti walitia betri ndogo bapa kama ya saa. Kazi ya betri ile ilikuwa kukipa umeme kidogo, mchana na usiku, kipande cha kumbukumbu ambacho kikikosa umeme kinasahau kila kitu. Gemu zisizo na betri zilitumia maneno ya siri. Dragon Quest ya 1986 ilikupa herufi 20 za Kijapani uzinakili daftarini, na ukikosea herufi moja, safari yako imekwisha.

Waliotuigia mashine waliiga kila kitu isipokuwa betri. Ni pesa. Betri na kile kipande chake cha kumbukumbu vingepandisha bei ya kaseti, na mnunuzi wa Kongowea hakuwa anaulizia kumbukumbu, alikuwa anauliza zimo gemu ngapi. Kwa hivyo sisi tulipata gemu za kina Mario zimekatwa kumbukumbu. Kitu pekee tulichoweza kuhifadhi ni kile cha kichwani: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unapata roho 30 za Contra. Kuna watu wazima leo, wana watoto, wanauza samaki au wanaendesha tuktuk, na bado hiyo wanaikumbuka kuliko namba ya kitambulisho.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya kuhifadhi gemu huandikwa kama historia ya viwanda: mwaka fulani betri, mwaka fulani kadi, mwaka fulani intaneti. Ukiiandika kutoka Mshomoroni inabadilika. Huku maswali yalikuwa mawili tu: kumbukumbu ni ya nani, na stima ipo?

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994 na ikaleta memori kadi, kidude unachoweza kukichomoa na kukitia mfukoni. Kilibeba kilobaiti 128, zimegawanywa vyumba 15. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ikaja na kadi ya megabaiti 8, na hiyo ndiyo iliyotukuza. Mashine ile iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ikatengenezwa mpaka mwanzo wa 2013, na nina hakika nyingi kati ya hizo zilizeekea kwenye vibanda vya mabati vya Afrika. Kibanda cha gemu cha kawaida kilikuwa na TV nne za mtumba, feni moja inayoelekea kwa mwenye gemu, benchi, na karatasi ukutani: mechi shilingi kumi, kutukana matusi faini.

Ukicheza mechi ya PES na mwenzako huhitaji kumbukumbu. Mnacheza, aliyefungwa anainuka, anakaa mwengine. Kumbukumbu inaanza kuwa na maana pale mtu anapotaka kujenga. Master League ilikuwa ndiyo hiyo. Unapewa timu ya watu wasiojulikana, Ivarov golini, Minanda kati, Castolo mbele, na unawavumilia msimu mzima ukikusanya pointi za kumnunua mchezaji wa maana. Hapo unahitaji kurudi kesho ukute ulipoachia. Na kadi ni moja, ya mwenye gemu, na wateja ni mtaa mzima.

Ugomvi wa memori kadi iliyojaa ni ugomvi ambao ningependa siku moja mtu auandikie tamthilia. Mashine inasema nafasi imekwisha. Lazima kitu kifutwe. Cha nani? Yule aliye msimu wa tano anasema cha yule aliye msimu wa kwanza, maana hajapoteza mengi. Wa msimu wa kwanza anasema yeye amelipa leo na yule mwengine ana wiki haonekani. Mwenye gemu, ambaye ndiye hakimu, anaangalia nani anatumia pesa zaidi. Wenye uwezo walinunua kadi zao wenyewe, wakatembea nazo mfukoni kama wazee wanavyotembea na kisanduku cha ugoro. Kijana mwenye kadi yake alikuwa mtu mwengine kabisa maskanini. Ukimwona anaingia, anaitoa, anaipangusa kwa shati, anaitia mashineni, unajua huyu ana mambo yake yamehifadhiwa pahali.

Ila hata huyo alikuwa na nakala moja tu. Kadi ikianguka kwenye mtaro wa Barabara ya Kisauni wakati wa masika, hakuna cha msimu wa tano wala wa kwanza.

Halafu ndiyo stima. Wakubwa zetu wanakumbuka mgao wa 1999 na 2000, ukame ulipokausha mabwawa ya mto Tana na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa saa. Kizazi changu kina tumbili. Tarehe 7 Juni 2016, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto huo huo wa Tana, akaangukia transfoma. Kituo kikazima, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe hakufa, alichukuliwa na Shirika la Wanyamapori akatibiwe. Watu walicheka dunia nzima. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa najua kuna mtu pahali fulani, Chaani au Mtongwe, ambaye wakati ule ule alikuwa amebonyeza kuhifadhi na kile kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Mwaka 2023 nchi ilizima mara tatu ndani ya miezi minne, tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, na hizo ni zile kubwa zilizoingia magazetini. Zile ndogo, za transfoma ya mtaa kulipuka au tokeni kuisha, nani anazihesabu?

Wacha nieleze kinachotokea, maana ndicho kiini cha jambo zima. Gemu inapohifadhi, mara nyingi inaandika juu ya faili la zamani. Kwanza la zamani linakatwa, halafu data mpya zinamiminwa mahali pake. Kazi hiyo inachukua sekunde mbili, tatu. Stima ikipotea ndani ya sekunde hizo, la zamani limeshakwenda na jipya halijafika. Unachobaki nacho ni kipande kisichosomeka, na kompyuta inakuambia kwa adabu kabisa kwamba faili limeharibika. Dawa yake inajulikana miaka na miaka: andika jipya pembeni, likikamilika ndipo libadilishane jina na la zamani. Football Manager hata ina mpangilio wa kuzungusha mafaili matatu ya kuhifadhi kwa zamu, likifa moja yapo mawili. Lakini gemu nyingi hazikuandikwa na watu wanaofikiria stima. Ziliandikwa na watu ambao kwao stima ni kama hewa.

Kompyuta zilipoingia mtaani mambo yakawa mazuri zaidi na mabaya zaidi kwa pamoja. Nyingi zilikuja kwa kontena kutoka Ulaya, zimetumika maofisini huko, zikashuka Kilindini na kupitia Changamwe kama mitumba mingine yoyote. Hazikuwa na nguvu za gemu mpya, lakini GTA Vice City ya 2003 zilikuwa zinaibeba, na zile za wenye bahati zilibeba San Andreas ya 2005. Saiba nyingi zilikuwa na gemu hizo mashine mbili tatu za nyuma, nafasi za kuhifadhi zikiwa nane tu. Nane, na wateja hamsini. Ugomvi wa kadi ukahamia kwenye kompyuta, isipokuwa sasa aliyekufutia humuoni, ameshalipa dakika zake ameondoka.

Wenye saiba nao walikuwa na dhiki zao. Kila flashi iliyochomekwa ilikuja na virusi. Ukifungua unakuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato, zenyewe zimefichwa, mpaka fundi apige amri ya attrib zionekane tena. Kwa hivyo wengi waliweka programu kama Deep Freeze, ambayo hugandisha mashine: fanya utakavyo, ukiiwasha upya inarudi kama ilivyokuwa asubuhi. Kwa mwenye biashara ilikuwa rehema. Kwa mchezaji ilikuwa balaa. Umemaliza misheni ya treni ya San Andreas, ile ya Big Smoke ambayo imewaliza watu Mombasa nzima, unahifadhi kwa furaha, kesho yake unakuta mashine haikujui. Nafikiria wakati mwengine kwamba hakuna mfano bora wa kumbukumbu ya serikali kuhusu mitaa yetu kuliko Deep Freeze, lakini hiyo ni insha nyengine.

Ndipo vijana wakajifunza siri ndogo. Sevu si uchawi, ni faili. Kwenye San Andreas lilikaa ndani ya My Documents, kwenye folda inayoitwa GTA San Andreas User Files, na jina lake ni GTASAsf1.b, namba ikipanda mpaka 8. Ukijua hilo, unachukua faili lako kwenye flashi kabla hujaondoka, na kesho unalirudisha. Huo ndio mwanzo wa bakapu huku kwetu, na haukufundishwa darasani. Mtu wa Likoni alimwonyesha mtu wa Mtongwe, wa Mtongwe akavuka na feri akamwonyesha binamu yake wa Magongo. Kabla nyaya za baharini hazijafika, feri ndiyo iliyokuwa mtandao wetu: gemu, viraka vya PES, nyimbo, filamu za Kihindi, vyote vilivuka Kilindini mfukoni mwa watu, bure, kwa sababu anayevuka kwa miguu halipi.

Tatizo la njia hii ni kwamba inategemea mtu akumbuke. Na mtu hakumbuki. Mtu anakumbuka bakapu baada ya msiba.

Hapa naomba ruhusa nirudi nyuma sana, maana sisi watu wa Mombasa hatukuanza jana kuhangaika na nakala. Muyaka bin Haji alikufa mwaka 1840. Mashairi yake, ya vita, ya mapenzi, ya kuchekana na watu wa Lamu na Unguja, yalibaki kwenye vichwa vya waliomsikia, na vichwa vilikuwa vinazikwa kimoja kimoja. Aliyeyaokoa mengi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo na W. E. Taylor, mmisionari wa CMS, jumuiya ile ile iliyoanzisha Frere Town hapa Kisauni mwaka 1875. Karatasi za Taylor zikaishia London. William Hichens akayachapisha mashairi hayo Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 kamili tangu Muyaka afe, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chake kuhusu mshairi huyo, kikachapishwa Nairobi. Yaani shairi lililotungwa kwenye vichochoro vya Mvita limezunguka London na Afrika Kusini ndipo likarudi.

Na barua za zamani kabisa za Kiswahili tunazozijua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ziko wapi? Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno. Hewa yetu ya chumvi, unyevu na mchwa haina huruma na karatasi. Wataalamu wa kompyuta wana kanuni wanayoirudia sana, iliyopewa umaarufu na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe pahali pengine kabisa. Goa ilikuwa pahali pengine kabisa. Inaniudhi kidogo kwamba hicho cha pahali pengine mara nyingi kimekuwa ni kwa aliyekuwa ametutawala au anataka kututawala, lakini kama isingekuwa hivyo tusingekuwa na barua za kuudhika nazo.

Turudi kwenye gemu. Mwezi wa Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa, rais Kibaki akaja kuupokea, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. EASSy ikafuata 2010. Tulikaa juu ya mlango wenyewe wa intaneti ya Afrika Mashariki, data za Kampala na Kigali zikitupita chini ya miguu. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2008, kampuni ya Valve ilikuwa imeanzisha Steam Cloud pamoja na gemu ya Left 4 Dead. Unacheza, unazima, programu yenyewe inapeleka sevu yako kwenye seva zao. Kompyuta ikiungua, unanunua nyengine, unaingia kwa jina lako, unaendelea. Bakapu bila kukumbuka. Tatizo lililokuwa na miaka ishirini na zaidi likaonekana limekwisha.

Limekwisha kwa nani? Huduma ile ni ya aliyenunua gemu. Kisauni ya 2010 nani alikuwa ananunua gemu kwa dola, na kwa kadi ya benki ipi? Gemu zetu zilikuwa za kuvunjwa, zinapatikana kwa shilingi mia kwenye diski iliyoandikwa kwa kalamu ya maka, na gemu iliyovunjwa haina wingu. M-Pesa tulikuwa nayo tangu 2007, lakini kulipia vitu vya ng'ambo kwa kadi ya Visa ya M-Pesa kumewezekana 2022 tu. Miaka kumi na zaidi kati ya hapo, wachezaji wa huku walikaa juu ya waya wa kasi na kuendelea kubeba flashi mfukoni. Sisemi kwa kulalamika. Nasema kwa sababu historia zinazoandikwa zinaruka kutoka kadi ya PlayStation mpaka wingu kana kwamba katikati hapakuwa na watu.

Hata wingu lenyewe watu wanaliamini kupita kiasi. Kazi yake ni kuhakikisha vitu viwili vinafanana, kilichoko kwako na kilichoko kwao. Ukifuta kwako, kunafutwa kwao. Faili likiharibika kwako, lile bovu linapandishwa juu na kulikalia lile zima. Nakala ya akiba ni kitu kingine: inabaki ilivyokuwa Jumapili hata kama wewe Jumatatu umevuruga kila kitu. Tofauti hiyo nimemweleza mtu zaidi ya mmoja pale maskani na bado ananiambia, lakini bro, ziko Google.

Sababu iliyonifanya nijifunze haya yote si GTA. Ni faili moja la PES 6, lina ukubwa wa megabaiti 1 hivi, jina lake KONAMI-WIN32PES6OPT. Ndilo linalobeba kila kitu ulichobadilisha kwenye gemu: majina, sura, jezi, uwezo wa wachezaji. Mtoto wa ami yangu alianza kulijenga mwaka 2008. Liverpool kwenye gemu ile haikuwa na leseni, iliitwa Merseyside Red, na yeye akaifuta Merseyside Red yote akaweka timu ya mtaa wetu, vijana kumi na tisa waliokuwa wakicheza mpira kwenye uwanja wa mchanga, jioni kwa jioni, kabla uwanja haujajengwa nyumba za kupangisha. Alikaa usiku mwingi. Yule mrefu akamfanya mrefu, mwenye kifundo kibovu akampunguzia kasi, mwenye mguu wa kushoto akampa wa kushoto, golikipa akamnyoa upara. Majina aliandika yale ya uwanjani, ya kuitana, si ya kitambulisho. Watu walikuja kujitazama. Kuna waliogombana naye kwa sababu amewapa pasi 71 na wao wanajiona 80.

Mwaka 2015 alipata kazi Qatar akaondoka, CPU akaniachia. Mwaka nilioacha chuo nilikuwa na muda, nikaifungua. Diski ilikuwa inatoa mlio kama msumeno. Nikalitoa faili, na wakati nalitoa nikahesabu: timu ile haipo popote pengine. Haikuwa na usajili, haikuwa na picha ya pamoja, simu za wakati ule hazikupiga picha za kudumu. Watatu wako Ghuba. Mmoja anavua Shimoni. Wawili wametangulia mbele ya haki, mmoja wao beki wa kushoto, ajali ya bodaboda. Waliokuwa wakiishi mtaa ule wameshahama nusu. Kama unataka kujua nani alikuwa namba ngapi na nani alikuwa na mbio, ni megabaiti ile moja.

Basi nikaanza na mistari michache ya amri, ile ya kuandika kwenye Notepad na kuihifadhi kwa kiishio cha .bat: chukua folda ya save ya PES, ipeleke diski ya pili, ipe tarehe ya leo. Windows ina kipanga ratiba ndani yake. Nikakiambia kiendeshe mistari ile kila usiku saa tatu, na kila kompyuta inapowashwa, maana saa tatu usiku inaweza kuwa giza. Baadaye nikahamia Ludusavi, programu ya bure ambayo inajua maelfu ya gemu zinaweka wapi sevu zao. Uzuri wake ni kwamba ujuzi huo umekusanywa na wachezaji wenyewe, kwenye hifadhi ya PCGamingWiki, mmoja akiandika gemu hii inaficha faili hapa, mwengine akisahihisha. Inahitajika, maana Windows haijawahi kuwa na pahali pamoja: gemu moja inaweka Documents, nyengine AppData, nyengine Saved Games, nyengine ndani ya folda yake yenyewe, na siku hizi Windows mpya zinapenda kuihamishia Documents nzima OneDrive bila wewe kujua vizuri. Ludusavi inayatafuta, inayanakili, na ukiiambia itunze nakala kumi, inatunza kumi, haikalii ya zamani kwa ya leo.

Nakala moja iko kwenye laptopu yangu, ambayo angalau ina betri yake ya kumalizia kuandika stima ikipotea. Moja iko kwenye diski ya nje ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, maana chumvi ya hapa inakula hata vyuma. Ya tatu iko Likoni, kwa rafiki ambaye nami namtunzia zake. Kutoka Mshomoroni mpaka kwake Timbwani kuna kisiwa kizima katikati na maji pande zote mbili. Nilimwuliza mtoto wa ami yangu kwa simu kama angependa nimtumie ya nne Doha. Alinyamaza kidogo, akauliza kama Castolo bado nimo naye.

Mdogo wake yule beki wa kushoto ana miaka kumi na minne sasa. Huja Jumamosi kucheza, na huchagua timu ile ile, anajipa padi ya kwanza, anamwendesha kaka yake ambaye hakuwahi kumwona uwanjani kwa akili za mtu mkubwa. Mimi humwachia chumba. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nje nanunua mahamri, aliingia sehemu ya kubadilisha wachezaji akamtoa kaka yake ubekini, akamfanya mshambuliaji, akampa kasi 99, mashuti 99, stamina 99, na akamchagulia viatu vyekundu. Kisha akahifadhi.

Saa tatu usiku programu ikapita kama kawaida. Nilipofungua nikakuta orodha imeongezeka mstari mmoja. Faili la Ijumaa lina beki namba 3 mwenye kasi 78, jinsi alivyopimwa mwaka 2008 na mtu aliyekuwa akicheza naye kila jioni. Faili la Jumamosi lina mshambuliaji. Nikampigia simu kijana kumwuliza anataka ifunguke ipi akija tena. Akasema, "Ya viatu vyekundu, kaka, lakini ile nyengine usiifute." Nimeitia alama ya kutofutwa, nikaiandika na tarehe yake.